Sekunde Nne za Ansbert

Ansbert Kamugisha alikuwa fundi wa utani, ila utani wake ulitoka vidoleni. Ofisi yao ilikuwa Mwenge, ghorofa ya pili juu ya duka la vipodozi, na ndani yake walikuwamo watu wanne waliokuwa wakiandika programu za kompyuta. Kila Jumanne, kabla kazi haijaanza, waliizunguka meza moja yenye chupa ya chai ya tangawizi, na kila mmoja alipaswa kuja na habari moja mpya ya teknolojia. Wenzake watatu walizisema zao. Ansbert aliiandika yake kwenye grupu lao la WhatsApp. Simu tatu zililia kwa mpigo, vichwa vitatu vikainama, kisha chumba kikaangua kicheko.

Alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema, huko kwao Muleba. Hakikuwa kigugumizi cha kurudiarudia silabi, kile ambacho walevi hupenda kukiigiza. Chake kilikuwa cha kukwama. Neno lilifika mdomoni likasimama, na yeye akabaki mdomo wazi, macho yamemtoka kidogo, mpaka neno lenyewe lilipoamua kutoka au mtu mwingine alipolisema kwa niaba yake.

Mara nyingi mtu huyo mwingine alikuwa Jaffar. Jaffar alizaliwa Kinondoni katika familia ya Waarabu wauza vitambaa. Alikulia nyuma ya meza ya duka, akijibu wateja kabla hawajamaliza kuuliza, na tabia hiyo akaja nayo ofisini. Hakuwa na ubaya. Alimpenda Ansbert, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba anamsaidia.

Jumanne hiyo Jaffar ndiye aliyeanza. "Jamani, mmeisikia hii? Kuna kampuni huko ng'ambo imetoa akili mnemba inayosikia Kiswahili na kukijibu. Na si kile cha taarifa ya habari. Wanasema hata cha mtaani inakielewa kama mzawa."

"Mzawa wa wapi?" aliuliza Manal, mwenye kampuni. "Maana mie mzawa, Sekela mzawa, na kuna siku tunatafutana maneno kutwa nzima."

Sekela, binti wa Tukuyu asiyeweza kuiona habari bila kuifungua vifuniko, aliweka kikombe chini. "Waliifundisha kwa sauti za nani? Hilo ndilo swali. Nani alikaa akaisemesha?"

"Labda waliiacha isikilize redio," alisema Jaffar.

"Basi itakuwa inaongea kama tangazo la kifo," alijibu Sekela.

Walicheka, na Jaffar akaifungua kwenye simu yake. Alijikohoza kama mtu anayepanda jukwaani. "Oya mwanangu, leo nimechalala kinoma. Nipige tafu buku mbili nikale."

Sauti ya kike, laini na yenye adabu, ikajibu, "Pole sana. Ungependa vitabu viwili vya aina gani?"

Shilingi elfu mbili zimegeuka vitabu! Manal alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio wake. Sekela akainyakua simu, akaiuliza kuhusu mvua za Rungwe, ila kwa ulimi wa kwao herufi ile ya kwanza iligeuka. Sauti ikamwomba radhi, ikasema haina taarifa za mahali panapoitwa Lungwe.

"Imeifuta wilaya nzima!" Sekela akapiga meza. "Milima, migomba, wajomba zangu, vyote!"

Manal alipoisemesha kwa lafudhi yake ya pwani, taratibu, ilimwelewa neno kwa neno. "Mnaona?" alisema. "Inawaelewa watu waliolelewa."

"Zamu yako, Profesa," alisema Jaffar, akimnyooshea Ansbert simu. Mkono wake ulifika nusu ya meza, akakumbuka, akaurudisha. "Au basi, saa tatu hii. Tufanye kazi."

Ansbert aliandika kwenye grupu: *Niacheni tu. Nikianza kuongea nayo watatoa toleo jipya kabla sijamaliza.* Wote wakacheka, naye akacheka nao. Lakini akili yake haikutulia. Ule mkono uliorudi ulimuuma kidogo. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa swali: ingekuwaje kweli? Chombo kisichomjua, kisichomwonea huruma wala aibu, kingemfanyaje?

Mchana, wenzake waliposhuka kula, alipanda juu ya paa kwenye matangi ya maji, mahali ambapo mtu wa duka la chini alikuwa ameanika mataulo. Aliifungua programu ile kwenye simu yake mwenyewe. Alikusudia kusema, "Nataka kujua unasubiri mtu kwa muda gani."

"Nataka ku—" alisema, na neno likasimama.

"Ungependa kununua nini?" iliuliza sauti.

Akajaribu tena. "Nataka ku—"

"Samahani, ungependa kujiunga na huduma gani?"

Mara ya tatu ilimuuliza kama anataka kulala, ikampa ushauri wa kuzima taa na kuacha kahawa. Ansbert aliegemea tangi akacheka peke yake. Alikuwa amengoja jambo geni kabisa, kumbe amekutana na Jaffar. Chombo kile hakikuwa kibaya. Kilikuwa na hamu ya kusaidia, na kilikuwa kimefanya haraka.

Basi akashuka kutafuta haraka hiyo imetoka wapi. Kampuni ile ilikuwa imewawekea waandishi wa programu kurasa za maelezo, na Ansbert alizisoma kama anavyosoma mtu aliyesingiziwa jambo. Kwenye ukurasa wa kumi na kitu alikuta mstari mmoja mfupi. Msemaji akinyamaza zaidi ya milisekunde mia nane, ihesabiwe kwamba amemaliza. Mia nane, sekunde haijatimia! Mahali fulani duniani kulikuwa na mtu, pengine mwenye kikombe cha chai kama yeye, aliyekaa akachagua namba hiyo. Na pembeni ya namba waliandika kwamba inaweza kubadilishwa.

Ibadilishwe iwe ngapi? Hapo ndipo aligundua kwamba hajui. Miaka thelathini na moja ameishi na kimya chake na hajawahi kukipima. Alijiuliza akilini: huwa nakwama kwa muda gani? Sekunde ishirini, alidhani. Zikizidi sana, nusu dakika. Alikumbuka mwalimu wa darasa la tano aliyekuwa akimruka kila zamu ya kusoma ilipomfikia, na usaili wa kazi benki ambapo mama mmoja alitazama saa yake ya mkononi. Nusu dakika ilionekana haki kabisa.

Alijirekodi akisoma maandishi ya kwenye mtungi wa kuzimia moto uliokuwa ukutani, kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akajirekodi akitaja jina lake mara tano, maana jina lake ndilo lilikuwa gumu kuliko maneno yote. Aliifungua sauti ile kwenye laptopu ikawa mistari ya vilima na mabonde, akaanza kupima mabonde.

Sekunde moja. Moja na nusu. Mbili. Moja. Bonde refu kuliko yote, lile la kabla ya jina lake, lilikuwa na sekunde nne nukta moja.

Alipima upya, akidhani amekosea. Nne nukta moja. Akatazama saa ya ukutani akausindikiza mshale: moja, mbili, tatu, nne. Mtu hawezi hata kufunga kamba ya kiatu. Ansbert alikaa akiutazama mshale ukizunguka, na hakujua kama anataka kucheka au kumtafuta yule mama wa benki.

Sekela alirudi akamkuta hivyo. "Unapima nini?"

Ansbert angeweza kumwandikia. Badala yake alimgeuzia laptopu, akaonyesha bonde kwa kidole. "Hapa nime… kwama. Hii ndiyo ndefu kuliko zote."

Sekela alisoma namba. Akaitazama saa, naye akausindikiza mshale mpaka nne. "Hii tu?"

"Hii tu."

"Aisee." Alivuta kiti. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufanya kazi. "Na Jaffar je? Yeye huwa anasubiri kiasi gani kabla hajakuingilia?"

Jioni ile Sekela aliketi na simu mapajani, saa ya kupimia imefunguliwa, huku Ansbert na Jaffar wakijadili kazi ya kawaida. Baada ya nusu saa alimtumia Ansbert ujumbe wa peke yake: *Sekunde moja kamili. Kaipita mashine kidogo. Tumsifu.*

Jumatano Manal aliwaita kuzungumzia kazi waliyokuwa nayo mkononi. Zahanati moja ya Mbagala ilitaka laini ya simu ambayo wagonjwa wa presha na sukari wangepiga, waseme shida yao, wapangiwe siku ya kliniki bila kuja kupanga foleni alfajiri. Wengi walikuwa watu wazima wasiopenda kubonyezabonyeza namba. Manal alipendekeza watumie kile chombo kipya cha ng'ambo, kwa kuwa buku na vitabu si maneno ya kliniki.

Ansbert akainua mkono. Manal alishangaa, maana katika vikao Ansbert alikuwa mtu wa kutikisa kichwa. "Sema, Ansbert."

"Kina… tatizo. Kinawa—"

"Kinawachosha watu," alisema Jaffar.

"Hapana. Kinawa—"

"Kinawagharimu?"

Ansbert aliinua kiganja kumwelekea, taratibu, kama askari wa barabarani anavyosimamisha pikipiki. "Jaffar. S… subiri. Ni sekunde nne tu. Nimezipima."

Neno lilichukua muda wake, likatoka. "Kinawakatiza. Kama unavyonikatiza wewe."

"Mie?" Jaffar aliweka mkono kifuani. "Kaka, mie nakukatiza? Mie nakusaidia!"

"Mara nyingi unakosea. Pale kwa muuza chipsi, kila siku nikisema 'chipsi', wewe unamalizia 'kavu'. Miaka mitatu sasa." Ansbert alivuta pumzi. "Mie nilikuwa nataka… chipsi mayai."

Sekela aliziba mdomo. Manal alijaribu kuonekana bosi, ikamshinda. Jaffar peke yake hakucheka mara moja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu milo ya miaka mitatu. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia," alisema Ansbert, na hapo hata Jaffar akashindwa kujizuia.

Ansbert aliwaonyesha vipimo vyake, akapendekeza wasogeze kungoja kwa chombo hadi sekunde tano. Jaffar, pamoja na aibu yake, hakukubali kirahisi, na hoja yake ilikuwa ya kweli. "Sekunde tano kwenye simu ni kaburi. Mtu atasema haloo, haloo, atadhani imekatika, atakata. Angalau iseme kitu. Iseme, 'Usiwe na haraka, sema polepole.'"

"Hapana!" Neno hilo lilitoka kwa Ansbert bila kukwama hata kidogo, wote wakageuka. "Hayo ndiyo m… maneno mabaya kuliko yote. Ukiniambia nisiwe na haraka, ulimi unafunga kabisa. Najua unanisikiliza ulimi, husikilizi ninachosema."

"Basi isemeje?"

Walijaribu muziki, Manal akasema ni kama kungoja benki. Walijaribu mlio mdogo, ukafanana na betri kuisha. Mwishowe Sekela akauliza, "Nyumbani kwenu mtu akisimulia jambo akasita, nyie mnafanyaje? Hamnyamazi. Wala hammwambii aharakishe. Mnasema nini?"

Walitazamana. "Ehee," alisema Manal polepole, kama mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

Walilirekodi kwa sauti ya Manal, mara arobaini, mpaka wakapata moja isiyouliza wala kusukuma. Likaitikia mtu akifikisha sekunde mbili na nusu za kimya, kisha chombo kikaendelea kungoja.

Ijumaa Manal aliwapakia wote kwenye gari lake hadi Mbagala. Zahanati ilikuwa nyuma kidogo ya Barabara ya Kilwa. Muuguzi mkuu, Sista Tekla, aliwapokea kwa bashasha ya mtu mwenye kazi nyingine kumi. Kwenye benchi la nje walikaa wagonjwa waliokubali kujaribu. Wa kwanza alikuwa Mzee Marselino, mwalimu mstaafu aliyepatwa na kiharusi mwaka uliopita. Mkono wake wa kulia ulilala pajani, na ulimi wake ulikuwa mzito, ila macho yalikuwa bado yanasahihisha madaftari.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema vijana.

"Mara… haba."

Manal, aliyependa ushahidi, alitaka kwanza ajaribu chombo kama kilivyotoka kiwandani. Mwalimu alishika simu kwa mkono wa kushoto. "Naomba siku ya…" alianza, na sauti ikamuuliza siku ya kuzaliwa. Mara ya pili ikamuuliza jina la mgonjwa, na alipoanza kulitaja ikamshukuru ikakata. Mara ya tatu hakungoja. Alimrudishia Sista Tekla simu. "Huyu ana… kazi nyingi. Mwacheni."

Sekela akaweka toleo lao, akampa tena.

"Naomba siku ya…" Kimya. Ansbert alikuwa amesimama nyuma ya benchi, akiinama mbele kana kwamba neno lile ni lake. Mwanamke aliyekaa pembeni ya Mwalimu alifungua mdomo kumsaidia. Jaffar akamgusa bega, akatikisa kichwa.

"Ehee," ilisema simu, kwa upole.

Mwalimu alitupa jicho kwenye simu. Mabega yake yakashuka. "…kliniki ya presha. Lakini si Jumatatu. Jumatatu binti yangu… anayenileta… yuko kazini."

Ikampa Jumatano saa mbili asubuhi, ikamsomea, akaikubali. Mwalimu hakurudisha simu mara moja. Aliigeuza akaitazama mgongo. "Nani kaifundisha… adabu?"

Sekela, Manal na Jaffar wote walimtazama Ansbert, wakamwachia ajibu. Ansbert alifungua mdomo. Jina lake, gumu kuliko yote, likasimama palepale linaposimama siku zote. Moja, mbili. Mwalimu alimwangalia bila kuinamisha macho, bila kutabasamu, kama mtu anayengoja maji yajae ndoo. Tatu, nne.

"Ansbert," alisema Ansbert.

"Ansbert," Mwalimu alilirudia, akalitamka vizuri. "Vyema."

Mambo hayakuwa asali yote. Aliyefuata alikuwa Bi Nunu, mwanamke wa sukari na maneno makali, aliyesema shida yake kwa pumzi moja akanyamaza. Chombo kikangoja, kisha kikamwambia ehee. "Ehee nini?" aling'aka Bi Nunu. "Si nishamaliza! Kinataka umbea?" Benchi zima lilicheka, na Sista Tekla akasema kwa wagonjwa kama huyu hata yeye mwenyewe huwa hajui wamemaliza au wanapumua. Alikubali kuwajaribia laini kwa mwezi mmoja, kwa sharti kwamba wakatafute dawa ya Bi Nunu.

Hilo lilimpagawisha Sekela. Walipotoka alikuwa ameshavaa vidude vya masikioni, akiirudia sauti ya Bi Nunu na ya Mwalimu. "Sikilizeni. Huyu alipomaliza, sauti ilishuka. Mwalimu alipokwama haikushuka, ilibaki juu inaning'inia. Kumbe tusipime kimya peke yake. Tupime namna mtu anavyokiingia." Akamvuta Manal garini ili asikilize kwa spika, na wawili wale wakazama huko, milango wazi, wakibishana kuhusu kushuka na kuning'inia.

Jaffar na Ansbert walivuka kwa muuza juisi ya miwa, wakakaa kwenye kreti. Jaffar alizungusha glasi yake.

"Kaka, nikuulize kitu? Ukiona si sawa, niambie."

"Uliza."

"Pale neno linapokwama. Wewe unakuwa umeshalijua, au bado unalitafuta? Maana mie siku zote nilidhani unalitafuta. Ndiyo maana nilikuwa nakuokotea."

Ansbert aliitua glasi. Madaktari wawili, walimu, shangazi zake, mchungaji aliyemwombea, watu wote hao walikuwa wamewahi kumshauri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza ndani kukoje.

"Nalijua," alisema. "Nalijua kabla yenu. Hata…"

Jaffar alifungua mdomo. Akaufunga. Akaitazama mashine ya miwa inavyokamua, vidole vyake vikipiga goti kimyakimya, moja, mbili, tatu.

"…herufi zake naziona."

"Unaziona!" Jaffar alimgeukia mwili mzima. "Zimeandikwa kabisa? Kwa mkono au kwa chapa?"

Ansbert alipaliwa na juisi. Alikohoa, akacheka, akajifuta kidevu. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo maishani mwake.

"Ngoja nitazame," alisema, akafumba macho.